Kwa nini simu inanipeleka kwenye mikorosho ya mtu mwingine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua kiwanja kilichopimwa, nje kidogo ya Bagamoyo. Siku ya kukabidhiwa tulioneshwa bikoni nne, zile nguzo za kona za kiwanja, tukazigusa kwa mikono. Juzi nimekaa na ramani ya upimaji nikaona kila kona ina namba mbili, moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba: E 487,640 na N 9,284,215. Kijana wa ofisini kwetu akaniingizia kwenye simu. Tulipofika Bagamoyo simu ikatupeleka kwenye shamba la mikorosho la mzee mmoja, upande wa kaskazini wa kiwanja chetu, kama mita mia tatu hivi. Tena mwanangu kaleta tufe la shuleni, na hapo Bagamoyo iko kwenye 6 na 39. Hiyo 487,640 haipo popote. Je, tumetapeliwa? Na hizi namba zinasomwaje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kabla ya somo nikutue mzigo: kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili ya utapeli. Nilipofika kwenye "mita mia tatu, upande wa kaskazini" nilitabasamu, maana kesi hii nimeletewa kutoka Mkuranga, Kibaha, hata Morogoro, na kila mara ni mita mia tatu, na kila mara ni kaskazini. Tapeli hana nidhamu ya namna hiyo. (Tarakimu za mwisho za kona yako nimezibadilisha hapo juu ili kiwanja chako kisijulikane, lakini hesabu zote zinabaki vilevile.)

Kinachowasumbua ni jambo ambalo sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tunaishi nalo kila siku. Mwambie mgeni aliyeshuka jana kutoka London, "Tukutane saa mbili." Kama amejifunza namba zetu lakini hakuna aliyemfundisha saa zetu, atakuja saa nane. Namba iliyotamkwa ni moja na hakuna aliyedanganya. Ila yeye ameanza kuhesabu saa sita ya usiku, na sisi tumeanza alfajiri. Tofauti ni saa sita, leo, kesho na mwaka ujao, na ukishaijua unaijumlisha au kuitoa, mnakutana. Ramani yako na simu yako zimo kwenye mkasa huohuo: zinatamka namba ileile zikiwa zimeanza kuhesabu kutoka sehemu mbili tofauti.

Sasa chukua tufe la mwanao. Mistari inayolala, ile inayolizunguka kama mikanda, ni ya latitudo, nayo inahesabiwa kutoka Ikweta. Ikweta hakuna aliyeipigia kura. Dunia inajizungusha, kwa hiyo ina ncha mbili, na katikati ya ncha hizo pana mstari mmoja tu. Ndiyo maana mabaharia wa Bahari ya Hindi waliweza kujua latitudo zamani sana: nahodha alikuwa na kamal, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo, akaing'ata kamba kwa meno, akapima nyota imepanda kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Nyota ya Kaskazini ikizidi kushuka, ujue unaelekea kusini.

Mistari inayosimama, ile ya longitudo, haina bahati hiyo. Yote inafanana, yote inatoka ncha hadi ncha, na wowote ungeweza kuwa sifuri, hata unaopita sokoni Bagamoyo. Mataifa 25 yalikutana Washington mwaka 1884, na 22 yakakubali kwamba sifuri iwe Greenwich, Uingereza. Basi. Ile 39 unayoiona kwenye tufe ni nyuzi 39 mashariki ya mstari uliochaguliwa kwenye mkutano. Ungechaguliwa mwingine, mwanao angekariri namba nyingine na Bagamoyo isingesogea hata kidole.

Tufe lake linasema 6 na 39 kwa sababu tufe ni dogo. Uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111 ardhini. Uzi unagawanywa dakika 60, kila dakika kilomita 1.85 hivi, na dakika inagawanywa sekunde 60, kila sekunde kama mita 31. Mji wa Bagamoyo uko takriban 6°26′ Kusini na 38°54′ Mashariki. Simu nyingi zimeacha dakika na sekunde, zinaandika desimali, ambapo tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11 na ya tano ni kama mita moja. Mtu akikutumia koodineti, yaani namba za mahali, yenye tarakimu mbili tu baada ya nukta amekuonyesha kitongoji, hajakuonyesha nyumba.

Hapo hapo nikuonye kuhusu alama ya kutoa na mpangilio, maana yamewapoteza watu wengi kuliko hata hilo la kwenu. Kwenye simu, kusini mwa Ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa, na latitudo hutangulia: -6.48, 38.89. Sahau ile alama, utajikuta Ethiopia. Geuza mpangilio uanze na 38.89, utaangukia Hispania, jirani na Mérida, kwenye mashamba ya watu wasiojua hata korosho inakuwaje. Weka alama ya kutoa kwenye zote mbili, uko Brazili, jimbo la Ceará. Kwa hiyo ninyi mliokosea kwa mita mia tatu msijilaumu sana.

Tuje kwenye karatasi yako. Nyuzi ni nzuri kwa nahodha na rubani, lakini ni mateso kwa mtu anayepima uzio. Uzi wa longitudo ni mpana hapa kwetu na unazidi kusinyaa kadiri unavyoelekea kwenye ncha, na hakuna fundi anayeweza kutoa 38°53′17″ kwenye 38°53′18″ akapata urefu wa ukuta kichwani. Kwa hiyo wapima ardhi tunaikata dunia vipande 60 vya kusimama, kama maganda ya chungwa, kila kipande kina upana wa nyuzi 6, kisha kila ganda tunalilaza chini na kuchora miraba ya mita juu yake. Mfumo huo unaitwa UTM na kila ganda ni ukanda. Bagamoyo, Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Arusha ziko ukanda wa 37. Mwanza, Tabora na Mbeya ziko ukanda wa 36, na hata jiji la Dodoma limo humo, ingawa mpaka wa ukanda, longitudo 36, unapita mashariki yake kwa umbali mdogo tu. Kigoma iko peke yake huko kwenye ukanda wa 35.

E ni mita za kuelekea mashariki, N ni mita za kuelekea kaskazini. Katikati ya ukanda wa 37 unapita mstari wa longitudo 39, na ili mtu yeyote asipate namba hasi, mstari huo umepewa thamani ya 500,000. E yako ni 487,640. Toa kwenye 500,000, unabaki na 12,360: uko kilomita kumi na mbili na ushee magharibi ya longitudo 39. Kwa sisi wa kusini, Ikweta nayo imepewa 10,000,000. Toa N yako, unapata 715,785, yaani uko kama kilomita 716 kusini ya Ikweta. Mwanao agawe kwa 110.6, ambayo ni kilomita za uzi mmoja wa latitudo maeneo yetu, atapata 6 na karibu nusu. Hiyo ndiyo 6 ya kwenye tufe lake. Namba kubwa zilizokutisha na namba ndogo za mwanao ni ndugu wa tumbo moja.

Angalia pia kitu kimoja: karatasi isiyotaja ukanda ina upungufu. E 487,640 na N 9,284,215 zipo kwenye kila ganda. Ukizisoma kwenye ukanda wa 36 badala ya 37, unaruka zaidi ya kilomita 660 kuelekea magharibi na kuangukia porini kusini mwa Tabora.

Sasa mita mia tatu zenu.

Dunia si mpira kamili. Imebonyea kwenye ncha: kutoka kitovuni hadi Ikweta ni kilomita 6,378, kutoka kitovuni hadi kwenye ncha ni 6,357. Ili kufanya hesabu, mpima anahitaji umbo la kufikirika, duaradufu iliyozungushwa, analolilaza ndani ya dunia kisha anahesabu kutoka humo. Kabla ya satelaiti hakukuwa na njia ya kujua kitovu cha dunia kiko wapi hasa. Wapimaji walibeba darubini zao mlima hadi mlima, wakafunga pembetatu kwa pembetatu, na kuchagua umbo lililokaa vizuri kwenye eneo lao. Kwa Afrika Mashariki mhimili wa kazi hiyo ulikuwa mnyororo wa pembetatu unaofuata longitudo ya 30, ambao David Gill, mwanaastronomia wa Cape, Afrika Kusini, ndiye aliyeupigania katika karne ya 19 akitaka ufike hadi Misri. Hesabu zake zilipopangwa upya kwa ajili ya nchi zetu ukazaliwa mfumo unaoitwa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia alilolikokotoa Mwingereza Clarke mwaka 1880. Umbo hilo likakaa Afrika Mashariki vizuri sana. Ila kitovu chake kiko karibu mita 340 kutoka kitovu halisi cha dunia, na wapimaji wale hawakuwa na jinsi ya kulijua hilo, wala halikuwadhuru kitu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akihesabu kutoka mahali palepale.

Simu yako inasikiliza satelaiti. Satelaiti inazunguka kitovu halisi, haijui ya Clarke wala ya Gill. Mfumo wake unaitwa WGS84. Mahali hapa pa kuanzia kuhesabu, umbo pamoja na jinsi lilivyolazwa, ndipo tunapopaita datamu. Ramani nyingi za viwanja Tanzania zimepimwa kwa datamu ya Arc 1960, na kijana wa ofisini akazisoma kama WGS84. Kwa maeneo ya Bagamoyo na Dar es Salaam, sehemu ileile ardhini ikisomwa kwa WGS84 E yake inaongezeka kama mita 95 na N yake inapungua kama mita 300. Ukipachika namba za Arc kwenye simu bila kuzibadilisha unapelekwa kaskazini mita 300 na magharibi mita 95. Yaani kwenye mikorosho.

Na usidhani ni aibu ya ramani za Kiafrika. Ukienda Greenwich penyewe, ule mstari wa chuma ambao watalii hutanua miguu wapigwe picha wakiwa pande mbili za dunia, simu yako haitasoma sifuri. Sifuri ya satelaiti inapita bustanini, mita 102 mashariki. Waliopima zamani walisawazisha chombo chao kwa mvuto wa pale walipo, na mvuto wa pale hauelekei kitovuni sawasawa. Mstari ule uliochaguliwa na mataifa 22 nao una ugonjwa kama wenu, kwa kipimo kidogo zaidi.

Jinsi ya kuthibitisha. Msianze kwa kubadilisha namba. Anzeni kwenye bikoni zenyewe. Nendeni asubuhi, mahali pasipo na mti mkubwa juu. Simama na simu juu ya bikoni ya kona tunayoizungumzia, subiri kama dakika mbili itulie, kisha andika inachosoma. Kwa mfano wetu itakuwa karibu na -6.4783, 38.8891, au ukiiweka kwenye UTM, E 487,736 na N 9,283,913. Toa namba za karatasi: utapata +96 na -302, ikipungua au kuzidi mita chache, kwa kuwa simu ya kawaida hata pakiwa wazi hukosea mita tano hivi. Rudia kwenye kona zote nne. Zikitoa tofauti ileile zote nne, maneno yamekwisha: karatasi na bikoni vinakubaliana. Ikiwa tatu zinasema hivyo na ya nne inasema jambo jingine kabisa, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kuniandikia tena, maana bikoni huwa zinang'olewa na trekta, na wakati mwingine na jirani.

Kipimo cha pili hakihitaji simu, na mimi nakipenda kuliko cha kwanza. Datamu inahamisha kiwanja kizima kwa pamoja. Haikirefushi wala kukipinda. Kwa hiyo umbali kati ya kona na kona unaweza kuupata kwenye karatasi hata kama hujui datamu ni ipi. Tuseme kona ya pili ni E 487,664 na N 9,284,222. Tofauti ya E ni 24, ya N ni 7. Mwanao kama ameshafika kwa Pythagoras atakwambia: 24 mara 24 ni 576, 7 mara 7 ni 49, jumla 625, kipeuo chake cha pili 25. Basi ukuta huo ni mita 25. Chukueni futikamba, mmoja ashike bikoni hii na mwingine ile, mvute hadi ikaze. Ikisoma mita 25, au 25 na sentimita moja (UTM yenyewe inabana umbali kidogo katikati ya ukanda), mko salama. Ikisoma 22, kuna mtu amekula mita tatu.

Ukitaka simu ikupeleke kiwanjani moja kwa moja, mwambie kijana abadilishe mfumo kwanza. Programu za wapima ardhi zina mahali pa kuchagua datamu; kwenye QGIS, ambayo ni ya bure, achague 21037, ambayo ni namba ya Arc 1960 ukanda wa 37 Kusini, kisha abadilishe kwenda 32737, WGS84 ukanda huohuo. Kwa Mwanza au Mbeya angeanza na 21036. Lakini kabla ya yote asome pembezoni mwa ramani. Mimi nilipokuwa mwanafunzi mkufunzi wetu alikuwa akitandika mezani karatasi ya Y742, zile ramani zetu za 1:50,000, kisha anafunika katikati yote kwa gazeti, tubaki tunaona ukingo tu. Tulikuwa tunamcheka. Kumbe ukingoni ndiko kulikoandikwa ukanda, umbo na datamu, na bila hayo vile vilima na mito vyote vya katikati havijui viko wapi. Ramani mpya zaidi zinaweza kuwa kwenye mfumo wa TAREF11, unaokwenda na satelaiti, na hizo tofauti yake na simu ni ndogo kuliko kosa la simu yenyewe. Ukizihamisha mita 300 kwa mazoea, utakuwa umeliunda kosa kwa mkono wako.

Usije ukajenga uzio kwa kufuata simu, hata baada ya kubadilisha datamu. Mita tano za kosa kwenye kiwanja cha mita 25 ni sehemu ya tano ya upana wake. Kwa uzio mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, aje na vyombo vyake, akufufulie kona, yaani azioneshe upya pale zinapotakiwa kuwa. Na koodineti, hata zikiwa sahihi hadi sentimita, zinaeleza kiwanja kiko wapi; hazielezi ni cha nani. Hilo la pili linajibiwa na upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, na kama hamkuufanya wakati wa kununua, nendeni mkaufanye sasa.

Halafu mkienda tena Bagamoyo, piteni kwa yule mzee wa mikorosho mumsalimie na mumweleze. Kila aliyenunua kiwanja kwenye mradi wenu akaingiza namba kwenye simu anahamishwa mita zilezile kuelekea upande uleule, kwa hiyo nina hakika ninyi si wa kwanza kuingia shambani kwake mkitazama kioo, na kwa muda wote huu huenda anaamini kuna mtu anauza shamba lake kwa siri.